Mvita na Wenyeji Wake: Ushahidi wa Majina ya Mji wa Mombasa

Mji wa Mombasa una historia iliyoandikwa na wageni, na una historia iliyotunzwa na wenyeji. Ya kwanza hujulikana sana. Al-Idrisi aliutaja mji huu katika karne ya 12. Ibn Battuta alilala hapo usiku mmoja mwaka 1331, akaandika habari za ndizi, malimau na matunda yafananayo na zambarau, na za misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, yenye visima milangoni. Kisha wakaja Wareno, na baada yao Waingereza, kila mmoja na daftari yake. Historia ya pili haimo katika madaftari. Imo katika majina ya mitaa, ya vipande vya ardhi, ya bandari na ya jamaa za watu. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kwamba majina hayo ni ushahidi wa kutegemewa, na ya kwamba mapenzi ya Mmvita kwa mji wake yamejidhihirisha zaidi katika kuyahifadhi kuliko katika kuusifu.

Jina la asili la mji ni Mvita. Wenyewe hujiita Wamvita na lugha yao huiita Kimvita. Wengi hulihusisha jina hilo na neno vita, na historia ya kisiwa haiwakanushi. Lakini mapokeo ya wazee hulitoa kwa Shehe Mvita, ambaye kizazi chake kilishika nafasi ya kizazi cha Mwana Mkisi. Huyu Mwana Mkisi hukumbukwa kuwa ndiye mwanzilishi wa mji uliokuwa kabla ya Uislamu kuenea, na jina lake huambatana na majina mawili ya kale, Kongowea na Gongwa. Si lazima mwanahistoria ayapokee mapokeo haya neno kwa neno. Jambo la kuangaliwa ni hili: wenyeji waliposilimu na kupata ukoo mpya wa watawala, hawakumfuta yule mwanamke wa kwanza. Jina la Kongowea lingali hai mpaka leo, ng'ambo ya kisiwa upande wa Nyali. Mji uliokubali mambo mapya haukuona haya kutaja ulikotoka.

Hali kadhalika majina ya jamaa. Waswahili wa Mombasa wamegawanyika tangu zamani katika Thenashara Taifa, yaani miji kumi na miwili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kila taifa lilikuwa na mkubwa wake, aitwaye tamimu. Ayatazamaye majina hayo ataona mara moja ya kwamba mengi si majina ya mahali palipo kisiwani. Kilifi, Mtwapa, Pate, Shaka na Faza ni miji mingine ya mwambao, mmoja karibu, mwingine mbali. Watu walihama kwa vita, kwa njaa au kwa biashara, wakaja na jina la mji wao kama mtu ajaye na mkeka wake. Mkilifi wa Mombasa huenda hakupata kuiona Kilifi, wala babu yake. Hata hivyo ni Mkilifi, na kwa sababu hiyo hiyo ni mwenyeji wa Mombasa. Ugeni wa zamani ndio uliokuwa hati ya uenyeji.

Tena mataifa hayo hayakusimama peke yao. Kila upande ulikuwa na mapatano na Wamijikenda wa bara: Thelatha Taifa na Wadigo hasa, Tisa Taifa na Wagiriama na wenzao. Mapatano hayo yalihusu biashara na kusaidiana wakati wa vita. Kwa hiyo asemaye ya kwamba Mombasa ilikuwa kisiwa kilichoipa bara kisogo asema neno lisilolingana na historia. Jina la Mwembe Tayari lasadiki haya. Hapo, husemwa, ndipo misafara ilipokutanika na kujitayarisha kabla ya kushika safari ya bara. Leo hapo pana soko na kituo cha magari, na msafiri wa bara angali akianza safari yake pale pale, ijapokuwa hajui kwa nini pameitwa hivyo.

Katika mahali pote pa Mombasa, hapana pajulikanapo kuliko Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, wakaiita kwa jina la Yesu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa, aliwageuka akaiteka. Wakairudia mwaka uliofuata. Waomani waliizingira tangu mwezi wa Machi 1696 mpaka Desemba 1698, wakaitwaa. Wareno walirejea kwa muda mfupi tu mwaka 1728, wakatolewa tena 1729. Ikawa makao ya Mazrui, kisha mwaka 1837 ikaingia mkononi mwa Seyyid Said. Mwaka 1875 iliasi chini ya Al-Akida Muhammad bin Abdallah, ikapigwa mizinga na manowari za Waingereza. Tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa kifungo cha serikali; baadaye ikafanywa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wenyeji waliiita Ngome, na vilevile Gereza. Neno hili la pili lina funzo kubwa. Wataalamu wengi wanalitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Jina la nyumba ya ibada likawa jina la boma, na jina la boma likawa jina la kifungo, likaenea katika Kiswahili chote. Hivyo mtu wa bara asemaye leo gereza ataja, bila kujua, historia ya watu waliotawala pwani kwa mizinga. Mwenye kutaka kujua Wareno waliacha nini Mombasa na asiyaangalie mawe ya Ngome peke yake. Ayasikilize pia maneno meza, bendera, karata, mvinyo na leso. Hilo la mwisho Wamvita hawakukubali kuliacha hata pale pwani nyingine iliposhika kusema kanga.

Hata hivyo si kila kitu cha mgeni kilipokewa. Barabara itokayo karibu na Ngome na kupita katika Mji wa Kale Wareno waliiita Raposeira. Jina hilo halikuishi. Lililoishi ni Ndia Kuu, na umbo lake ni Kimvita halisi, maana Mmvita husema ndia, siyo njia. Nti, siyo nchi. Mato, siyo macho. Kuna kibao cha barabara kinachofanya kazi ya kamusi. Mwezi wa Juni 1928 wajumbe wa serikali nne za Afrika ya Mashariki walikutana ili kuchagua lahaja ya kusanifiwa, wakachagua Kiunguja na kuiacha Kimvita, ingawa Krapf, aliyefika mwaka 1844, na wamisionari waliomfuata walikuwa wameichunguza sana. Mkutano huo ulifanyika Mombasa. Kimvita kiliamuliwa nyumbani kwake. Sababu za uamuzi ule zilikuwa na nguvu, na faida ya lugha moja haina mjadala. Lakini hasara nayo ilikuwapo. Lahaja ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalikuwa ulimi wa mji katika ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, ikawa lahaja ambayo mtoto wa Mvita husahihishwa darasani. Tungo za Muyaka zenyewe zimetufikia kwa sababu mwenyeji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alizikusanya kutoka vinywani mwa watu na kumpa W. E. Taylor. Hayo ndiyo mapenzi ya mji yaliyo na manufaa.

Majina ya karne ya 19 na ya 20 yaendelea na kawaida ile ile. Makadara, kwa maelezo ya wengine, yatokana na kadari, yaani ajali aliyoiandika Mungu, na huhusishwa na askari wa Kibaluchi waliokaa hapo. Msikiti wao ungalipo. Ng'ambo ya maji, mahali walipokalishwa watumwa waliokombolewa mwaka 1875, Waingereza walipaita kwa jina la Sir Bartle Frere. Lakini kengele yao iliwapa watu jina jepesi zaidi, Kengeleni, na kila mtu hulitumia, awe Mwislamu au Mkristo. Kilindini, mahali pa maji marefu, palikuwa jina la taifa kabla ya kuwa jina la bandari kubwa. Na reli iliyoanzwa mwaka 1896 ikaleta maelfu ya wafanya kazi kutoka India, ambao jamaa zao wengine walibaki, wakaongezeka juu ya Mabohora, Mabhadala na wafanya biashara waliotangulia. Katika kizazi kilichofuata alitokea Shihabuddin Chiraghdin, mwenye asili ya Punjab kwa upande wa baba, aliyeshirikiana na Mathias Mnyampala kuandika Historia ya Kiswahili. Aliitetea lugha ya pwani kama mtu atetevyo nyumba ya mama yake, na hapana mwenye haki ya kumwuliza alikuja lini.

Ndiyo maana swali la nani mwenyeji wa Mombasa, ambalo limezua maneno makali mara nyingi, hasa katika miaka ya kabla ya Desemba 1963 bendera ya Sultani ilipokuwa ingali ikipepea juu ya Ngome, haliwezi kujibiwa kwa nasaba peke yake. Majina yenyewe yanashuhudia: mwenyeji ni yule anayeyajua na kuyatumia.

Hatari ya sasa siyo vita. Nyumba kadha za Mji wa Kale zimevunjwa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Mitaa mipya hupewa majina ya wajenzi. Jiwe likianguka huweza kupigwa picha kabla ya kuondolewa, bali jina halina picha. Likisahauliwa na wazee wawili watatu waliolijua, limekwisha, na neno la Kimvita lililokuwamo limekwenda nalo. Kazi ya kuyaandika majina haya mtaa kwa mtaa, pamoja na matamshi yake na masimulizi yake yote, hata yanayopingana, ingali yawangoja wenye elimu ya lugha. Na vinywa vya kuyapokea vyapungua kila mwaka.