Chitane, mbwa wa Livingstone, na kazi ya kuchana manyoya

Wiki iliyopita nilikuwa Saadani kikazi, na wakati wa kurudi Dar nikapitia Bagamoyo. Kama kawaida yangu nikaenda Misheni kuuangalia ule mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya akina Susi na Chuma kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Habari hiyo tumeisoma tangu shule ya msingi. Ila kuna msafiri mwenzao mmoja ambaye hatukufundishwa. Aliitwa Chitane. Alikuwa mbwa, tena poodle.

Najua mtasema, jamani, huyu naye kaishiwa na habari! Subirini kidogo, kuna sababu.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, anayeishi Mbezi, alinunua mtoto wa mbwa chotara, nusu Labrador nusu poodle, yaani labradoodle. Bei siitaji, nitalia. Muuzaji alimhakikishia kuwa mbwa huyo hapukutishi manyoya na hana kazi. Baada ya miezi kumi yule mbwa alikuwa kama mkeka uliolowa. Daktari wa mifugo hakuwa na njia nyingine, alimnyoa mwili mzima, na chini ya ule mkeka kulikuwa na kupe na vidonda. Rafiki yangu alilia mbele ya watu. Hakuwa mkatili, hakuambiwa tu.

Sasa turudi kwa Chitane. Machi 1866 Livingstone alitoka Zanzibar akashukia Mikindani, akafuata mto Ruvuma kwenda bara. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa kubebea mizigo na huyo mbwa mdogo. Wanyama wa mizigo walikufa mapema. Chitane aliendelea. Katika shajara yake Livingstone anasimulia kwa kicheko jinsi Chitane alivyokuwa akiwafukuza mbwa wa vijijini. Anasema waliogopa kwa sababu ilikuwa vigumu kujua kichwa kiko upande gani na mkia uko upande gani! Na kwamba kama mmoja wao angegeuka, Chitane mwenyewe angetimua mbio.

Mtu anayewajua poodle akisoma hapo anaelewa mara moja. Mbwa mwingi manyoya yake hukua hadi kiasi fulani, hukoma, kisha hupukutika. Ya poodle hukua muda mrefu sana kabla ya kudondoka, na yale yanayodondoka hunaswa kwenye mikunjo ya yaliyobaki. Asiponyolewa, anageuka mpira wa sufu. Ule mtindo wa kumnyoa nyuma na kumwachia mashungi kifuani na kwenye viungo, ambao sisi tunaucheka, haukuanza kama urembo. Poodle alikuwa mbwa wa kuwafuata bata majini, na wawindaji wa Ulaya walimpunguzia mzigo ili aogelee, wakimwachia sehemu za kumkinga na baridi.

Tarehe 15 Januari 1867 msafara ulivuka maji ya Chimbwe, upana wa maili nzima, kina kiunoni, chini matope yenye mashimo. Kila mtu alikuwa anahangaika asianguke. Chitane akasahaulika. Aliogelea mpaka akazama. Livingstone hakusema kama manyoya yalichangia, nami sitamsemea. Alichokiri ni kwamba yeye ndiye aliyetangulia, na hakutoa amri yoyote kuhusu mbwa. Vijana wa msafara wakayaita maji yale kwa jina la Chitane.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, poodle akachanganywa kwa makusudi. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, aliombwa mbwa na mama mmoja wa Hawaii asiyeona, ambaye mume wake alikuwa na aleji. Alipanda Labrador kwa poodle, wakazaliwa watoto watatu. Mmoja tu, Sultan, ndiye aliyemfaa yule mume. Yaani hata siku ya kwanza, ahadi ilitimia kwa mmoja kati ya watatu! Conron mwenyewe baadaye alijuta hadharani kuanzisha biashara ile. Na mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi hawakukuta ushahidi kwamba mbwa hao wana vichocheo vichache vya aleji.

Kwa nini watoto hutofautiana? Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kuwa jeni tatu hubeba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: moja ya urefu, moja ya mawimbi, moja ya ndevu na nyusi. Chotara hupata mchanganyiko wake mwenyewe. Wapo wenye manyoya yaliyonyooka, hawa hupukutisha, na brashi mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Wapo wa mawimbi laini, wanaopendwa zaidi na wanaofunga mafundo haraka. Na wapo wa sufu ya kujikunja kama poodle mwenyewe. Hao wa aina mbili za mwisho wanataka kuchanwa karibu kila siku, hadi kwenye ngozi kwa kitana cha chuma, na kunyolewa kila wiki sita hadi nane. Chana kabla ya kuogesha, maana fundo likilowa hukaza. Na kuweni macho anapokaribia mwaka, manyoya ya utoto yanapobadilika. Hapo ndipo rafiki yangu alipokwama.

Kule Saadani nilimwona mbwa koko amelala kivulini chini ya ngalawa. Manyoya mafupi, kupe ukimtafuta unamwona. Joto na unyevu wa pwani hii anauweza bila mtu kumshikia kitana. Simdharau poodle. Nasema tu kwamba wahenga wa Ulaya walimtengeneza pamoja na mkasi wake, na anayemleta Mbezi bila mkasi anamvusha Chimbwe bila kugeuka nyuma.

Yule wa rafiki yangu manyoya yameanza kuota tena. Safari hii kitana kimening'inizwa mlangoni, pembeni ya funguo za gari.