Mdeki, Mtutu na Kiswahili cha Kambini: Historia ya Istilahi za Kusafisha Bunduki

1. Utangulizi

Kiswahili kilichosemwa katika majeshi ya kikoloni ya Afrika Mashariki kimehukumiwa mara nyingi, na hukumu yenyewe imekuwa moja: kwamba ni lugha iliyovunjika. Ngeli zake zilipungua, upatanisho wake ulilegea, na vitenzi vyake viliegemea mno hali ya kuamuru. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Makala hii inakusudia kuipima kwa kutazama kazi moja ndogo ambayo kila askari aliifanya karibu kila siku, yaani kusafisha na kutunza mtutu wa bunduki. Kazi hiyo yafaa kwa uchunguzi wa lugha kwa sababu ina hatua zake, ina vifaa vyake, na kosa likitendeka huonekana kwa macho. Eneo litakaloangaliwa kwa karibu ni Maseno na pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako watu wengi walikutana na Kiswahili na bunduki katika kizazi kimoja.

2. Bunduki ya mwambao

Katika mwambao, istilahi za bunduki zilikuwa zimekamilika kabla ya utawala wa Kiingereza. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Kasiba, yaani bomba la chuma linalopitisha risasi, nalo lilitoka Kiarabu, ambako qasaba ni tete au kitu chochote chenye uwazi mfano wa tete. Kiswahili kina mfano huo huo katika neno lake la asili, mwanzi, kama tusemavyo mwanzi wa pua. Mtutu lilisimama pamoja na kasiba, na baadaye likalizidi kwa matumizi.

Silaha zenyewe zilikuwa gumegume na gobori, ambazo hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mpigaji alimimina baruti, akatia risasi, kisha akashindilia kwa ufito uitwao mdeki. Ufito huo huo, ukifungwa kitambaa, ulitumika kusafishia. Baruti nyeusi huacha masizi mengi pamoja na chumvichumvi inayovuta unyevu wa hewa, na katika mwambao wenye joto na upepo wa bahari chuma kisichooshwa hushika kutu upesi. Kwa hiyo mdeki ulikuwa na kazi mbili, kujaza na kusafisha, na mwendo wake ulikuwa mmoja: kusukuma kutoka mdomoni kwenda ndani. Vitenzi vyake vilikuwa shindilia, sukuma na sugua.

3. Badiliko la silaha, badiliko la kitenzi

King's African Rifles iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi ya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati ya Waingereza. Bunduki ya kawaida ya jeshi la Kiingereza katika vita vyote viwili vya dunia ilikuwa Lee-Enfield ya kipenyo cha inchi .303, yaani milimita 7.7 hivi. Risasi yake huingizwa kwa nyuma, na ndani ya mtutu imechongwa mifuo, kwa kawaida mitano, inayojisokota kuelekea kushoto ili risasi itoke ikizunguka.

Silaha hii iliondoa haja ya kushindilia, na pamoja nayo iliondoa mdeki mikononi mwa askari. Mahali pake palishikwa na kamba ndefu yenye kipande cha shaba kizito upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Kamba hiyo, pamoja na kichupa cha mafuta, iliwekwa ndani ya tako la bunduki, katika shimo lenye kifuniko cha shaba. Askari alitoa komeo, akadondosha kipande cha shaba kutoka nyuma mpaka kikatokea mdomoni, akapachika kipande cha flaneli katika kitanzi, akavuta kwa mwendo mmoja bila kusita. Kamba ilitakiwa ipite katikati. Ikisugua ukingo wa mdomo mara kwa mara huula chuma, na risasi hupotea shabaha.

Hapa pana jambo la kuwavutia wanafunzi wa semantiki. Mwelekeo wa kazi uligeuka. Kilichosukumwa kutoka mbele sasa kilivutwa kutoka nyuma, na kitenzi vuta kikachukua nafasi ya shindilia. Mdeki, ingawa umebaki katika kamusi, umebaki kama kifaa cha gobori. Anayeandika historia ya neno hilo bila kutazama badiliko la chombo ataona neno lililokufa tu, wala hataona sababu ya kufa kwake.

4. Maseno

Maseno ipo juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 25 kutoka Kisumu, mahali ambapo nchi ya Waluo na ya Wanyole hukutana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Chama cha Church Missionary Society kilianzisha shule ya Maseno mwaka 1906. Lakini bunduki ilitangulia shule: mwaka 1899 majirani wa Seme, pamoja na watu wa Uyoma na Sakwa, walishambuliwa na kikosi cha serikali kilichoongozwa na C.W. Hobley. Neno la Kidholuo la bunduki, bunde, ni la ukoo mmoja na neno la Kiswahili, kama lilivyo emmundu la Kiganda. Maneno haya ni ushahidi kwamba silaha ilisafiri na jina lake.

Tarehe 12 Septemba 1914 vita vilifika Kisii, ng'ambo ya ghuba, ambako askari wa KAR walipambana na kikosi cha Wajerumani. Askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walikuwa na Mauser ya mwaka 1871 iliyotumia baruti nyeusi, na moshi wake uliwafichua. Tangu hapo Nyanza ilitoa watu wengi, wapagazi wa kikosi kilichoacha jina la Kariokor na Kariakoo, na askari vilevile. Mwishoni mwa vita, mwaka 1918, KAR ilikuwa na askari zaidi ya 30,000.

Kijana wa Maseno aliyeandikishwa hakuwa na Kiswahili nyumbani. Alisema Kidholuo au Kinyole, na kama alipata shule, alijua na Kiingereza kidogo. Kiswahili alikipokea jeshini, pamoja na kamba, flaneli na mafuta. Kidholuo hakina sauti ya z wala sh. Hivyo safisha humtoka msemaji wake kwa urahisi kama safisa, na zungusha kama sungusa. Matamshi hayo yamechekwa sana. Hata hivyo mtutu wake ulipokaguliwa hapakuwa na nafasi ya mzaha. Mkaguzi aliweka ukucha wa kidole gumba nyuma ya mtutu ili urudishe nuru, akachungulia kwa upande wa mdomo. Ama mifuo iling'aa, ama haikung'aa.

5. Kilichopotea na kilichobaki

Mungai Mutonya na Timothy Parsons, katika uchunguzi wao wa mwaka 2004 kuhusu Kiswahili cha KAR, wameonyesha kwamba lugha hiyo ilikuwa na taratibu zake. Vitabu kama kile cha F.H. Le Breton cha mwaka 1936, kilichowafundisha askari na walowezi Kiswahili cha bara, vilikubali wazi urahisishaji wa sarufi. Mahali pa "mtutu wake umechafuka," msemaji wa bara aliweza kutosheka na "bunduki yake iko chafu." Ngeli ya tatu imetoweka katika sentensi hiyo, na maana imefika salama.

Lakini lipo ambalo halikuweza kupotea. Baruti mpya isiyo na moshi iliacha masizi machache, ila fataki ya risasi za wakati huo iliacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo. Huyeyushwa na maji. Kwa hiyo baada ya kupiga ilipasa maji ya moto yamiminwe mtutuni kwanza, kisha ukaushwe kabisa, kisha ndipo upakwe mafuta. Anayepaka mafuta kabla ya kuosha huifunika chumvi, na kutu huendelea chini yake. Katika bonde la Kabaw nchini Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika mvua za mwaka 1944, utaratibu huo haukuwa jambo la usafi wa gwaride tu. Uhai wa askari uliutegemea.

Kwa hiyo lugha ya kambini ililazimika kutenganisha osha na futa, futa na paka, na ililazimika kushika mpangilio wa kwanza, kisha na mwisho. Upatanisho ungeweza kulegea; mfuatano wa vitendo haukuweza. Basi urahisishaji haukuwa wa ovyo. Uliacha kile ambacho kazi haikukihitaji, ukashika kile ambacho kazi ilikidai.

Wakati huohuo haifai kuisifu lugha hiyo kupita kiasi. Amri huhitaji mpangilio, haihitaji sababu. Lugha iliyojengwa juu ya "osha, kausha, paka" ina njia fupi ya kutii na njia nyembamba ya kuuliza "kwa nini?" Upungufu wa Kiswahili cha kambini unaostahili kuwasumbua wataalamu uko hapo zaidi kuliko katika ngeli zake, na chanzo chake kilikuwa cheo cha msemaji mbele ya msemeshwaji, si akili ya askari.

6. Hitimisho

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Nyanza walirudisha bunduki wakabaki na lugha. Bahati ya maneno yenyewe imekuwa mbalimbali. Mtutu umeingia katika lugha ya siasa, na "utawala wa mtutu wa bunduki" waeleweka na kila msomaji wa magazeti. Kasiba hutajwa kwa nadra, na mdeki kwa nadra zaidi. Istilahi za nguvu zimesitawi. Istilahi za utunzaji zimefifia. Kamusi ya Kiswahili itakayotoa maelezo kamili ya maneno haya haina budi kuyafuata mpaka kambini, na kuyapokea kutoka kwa watu wa Maseno sawa na kutoka kwa watu wa mwambao. Hao nao waliyatumia kwa kazi ambayo haikusamehe kosa.