Maji ya Rejeta na Barua Ambayo Sikuipeleka

Historia niliyoifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa historia ya wafalme, mikataba, vita na vyama. Niliipenda, na hata sasa naipenda. Lakini kila ninapokaa barazani jioni nikitafakari safari yangu, naona kwamba somo kubwa kuliko yote nililifundishwa na dereva wa chuo, kando ya barabara, mbele ya boneti iliyofunguliwa. Somo lenyewe lilihusu maji ya rejeta. Naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili ni dogo kwa sura, ila lilikaribia kumpeleka mtu mwema kizuizini.

Ulikuwa mwaka 1983. Nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo kimoja cha ualimu kwenye nyanda za juu za Iringa, miaka mingi kabla sijawa mkuu wa chuo. Pamoja na kufundisha nilikabidhiwa usafiri, yaani Land Rover moja iliyokwisha kuchoka, pamoja na dereva wake, mzee aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano.

Kijana wa leo gari lake likiharibika hupiga simu dukani, na kipuri huletwa kwa bodaboda. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vilivyofuata, ingawa tulishinda, viliiacha hazina ya taifa ikiwa tupu. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kipuri ni fedha za kigeni. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni. Pampu ya maji ya gari ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa subira.

Katika dhiki hiyo nchi nzima iligeuka karakana. Mpira wa rejeta ukipasuka ulifungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Tangi la petroli likivuja lilizibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa kwa kidole. Gasketi ilikatwa kutoka kwenye boksi, ikapakwa grisi, ikafungwa. Hakuna aliyeyaandika mambo hayo, na sisi walimu wa historia ndio tuliokuwa wa kwanza kuyapuuza.

Wala tusidhani kwamba ufundi wa barabarani ni unyonge wa nchi maskini peke yake. Gari lenyewe lilizaliwa nao. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz, mke wa Karl Benz wa Ujerumani, alilichukua gari la mumewe pamoja na wanawe wawili wakaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa takriban kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, naye akauzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipokwisha alimwendea fundi viatu akampigilia ngozi. Na kwa kuwa injini ile ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama chungu kisicho na mfuniko, kila walipoona maji walisimama wakaongeza. Hivyo safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa safari ya kutafuta maji. Baadaye, mwaka 1900, Wilhelm Maybach alibuni rejeta yenye umbo la sega la nyuki, iliyoundwa kwa mirija midogo zaidi ya 8,000, ili upepo upite kati yake na maji yale yale yazunguke bila kupotea. Rejeta za leo ni wajukuu wa ile.

Tangu hapo kanuni haikubadilika sana. Pampu husukuma maji kuzunguka injini, yakibeba joto hadi kwenye rejeta, upepo huyapoza, nayo hurudi. Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye miinuko ya Iringa, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji ya chungu cha wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko unaobana maji kwa shinikizo la paundi 9 kwa inchi ya mraba huyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 105. Lakini shinikizo hilo hilo linalotusaidia hutafuta pia kila upenyo uliopo. Ndiyo maana kuna uvujaji usioonekana gari likiwa baridi. Injini ikipata moto maji hupenya, yakaangukia chuma cha moto, yakakauka kabla tone halijafika ardhini. Ukilaza gari usiku hukuti hata unyevu chini yake. Asubuhi unafungua rejeta, maji yamepungua.

Sasa nirudi kwenye kisa. Mwezi Mei mwaka ule, baada ya kungoja miezi minane, chuo kilipata pampu moja mpya ya maji. Dereva alikuwa kwao msibani. Nami nilikuwa kijana mwenye moto wa Elimu ya Kujitegemea, ule waraka wa mwaka 1967 uliotutaka tuunganishe kalamu na jembe. Nikasema, nitawafundishaje vijana kujitegemea ikiwa siwezi kufunga boliti nne? Nikawaita wanachuo wawili, tukaifungua pampu ya zamani, tukafunga mpya. Kabla ya kuifunga niliichora alama ya chuo kwa tupa, kwa kuwa siku hizo kila mali ya umma ilitakiwa ijulikane. Nikiwa hapo hapo nikafungua na kifuniko cha themostati juu yake, nikitaka tu kuona ndani mkoje. Gasketi yake ikachanika. Nikakata nyingine kutoka jalada la manila la ofisini, nikakaza boliti kwa nguvu zangu zote, na injini ikawaka vizuri. Wanachuo wakapiga makofi. Nami, msomaji, nilijisikia fundi.

Baada ya juma moja dereva alirudi, na baada ya jingine maji yakaanza kupungua. Nilitazama chini ya gari, pakavu. Nikatazama pampu, nikaona imechafuka, ina michirizi myeupe ya chumvichumvi na kutu, haifanani kabisa na ile mpya niliyoifunga. Wazo likanijia, na likishakuja wazo la namna hiyo halitoki. Pampu mpya imeuzwa, hii ni ya zamani. Aliyelala na ufunguo wa gari ni nani?

Lazima nieleze uzito wa wazo hilo katika mwaka huo. Mwaka 1983 serikali, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Nia ilikuwa njema, maana ulanguzi ulikuwa unawaumiza wananchi kwelikweli. Lakini sheria iliyotungwa ilimpeleka mtuhumiwa mbele ya baraza maalumu bila wakili wa kumtetea, na mwaka uliofuata serikali yenyewe iliiondoa na kuweka nyingine. Watu waliogopa hata vivuli vyao. Katika hali hiyo, karatasi moja yenye sahihi ya mkufunzi, ikisema dereva ameuza kipuri cha serikali, ilitosha kubomoa nyumba ya mtu.

Karatasi hiyo niliiandika. Niliiandika usiku kwa mwandiko mzuri, nikaitia ndani ya jalada la manila, jalada ndani ya mkoba. Nilipanga kuipeleka mjini baada ya ziara yetu ya kukagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Ziara hiyo ilitupeleka bondeni, Ruaha Mbuyuni. Mzee alipakia madebe mawili ya maji bila kuulizwa. Tukashuka, tukakagua, na mchana tukaanza kurudi kuupanda mlima Kitonga. Aliyepanda Kitonga na gari chovu anajua: ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona juu ya kona. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda, harufu ya mvuke ikaingia ndani, naye akasogea pembeni, akazima injini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mimi nikataka kufungua rejeta mara moja. Akanishika mkono. "Mwalimu, ukifungua sasa utaunguza uso wako. Maji haya yamekasirika. Tuyaache yatulie." Tukakaa kivulini zaidi ya nusu saa. Ndipo aliponisimulia kwamba mwaka 1966 alikuwa utingo kwenye njia hii hii. Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, na mafuta ya Zambia yakakosa njia ya kusini. Malori yakawa yanabeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyokuja kujulikana kwa jina la Njia ya Jehanamu, mpaka bomba la mafuta la kwenda Ndola lilipofunguliwa mwaka 1968. Nililifundisha tukio hilo darasani kila mwaka. Sikuwahi kujua kwamba naendeshwa na mmoja wa watu waliolifanya.

Gari lilipopoa alifungua boneti. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akaifuta pampu polepole. Alama ya chuo, niliyoichora kwa mkono wangu, ikajitokeza.

Nilinyamaza. Yeye akaonyesha kwa kidole juu zaidi, kwenye kifuniko cha themostati. Michirizi myeupe ilianzia pale, ikateremka mpaka kwenye pampu. Pampu haikuwa na kosa. Ilikuwa inamwagiwa tu na jirani wa juu.

"Tangu lini umejua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya pili, Mwalimu."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

Akafikiri kidogo. "Uliniuliza mara mbili nani analala na ufunguo. Nikajua unachowaza. Ningekuambia gasketi ni kazi ya mkono wako, ungesema najitetea. Nikasema maji nitabeba, tukirudi chuoni niifungue mbele ya macho yako. Mlima umetuwahi."

Alifungua kifuniko. Chini ya gasketi yangu vilikuwamo vipande vya ile ya zamani ambavyo sikuvikwangua, na upande nilioanza kuukaza kwa nguvu zote ulikuwa umebana huku wa pili ukiwa umeinuka kidogo, nafasi isiyotosha hata kupitisha ukucha. Akaomba karatasi ngumu. Hatukuwa na nyingine ila jalada lililokuwa mkobani mwangu. Nikaitoa barua, nikaikunja na kuitia mfukoni, nikampa jalada. Alikwangua nyuso zote mbili kwa wembe mpaka chuma kikang'aa, akazifuta kavu, akaibandika manila juu ya kifuniko na kuigongagonga ukingoni kwa kichwa cha spana mpaka umbo likajikata lenyewe. Akaipaka grisi kidogo. Boliti akazikaza kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, kidogo hapa, kidogo pale, akizunguka, bila kuimaliza moja kabla ya nyingine. Karatasi ilikuwa ya aina ile ile niliyotumia mimi. Tukajaza maji, tukawasha, tukangoja ipate moto. Pakavu. Gasketi ile ilidumu hadi mwaka 1985, vipuri vilipoanza kupatikana tena baada ya biashara kulegezwa.

Tulipofika Ilula niliomba tusimame. Nikamwonyesha barua, akaisoma yote. Sikuwa na maneno mengi, nilisema tu, "Mzee, nimekukosea." Akanirudishia karatasi, akasema, "Ichome wewe mwenyewe, Mwalimu." Niliichoma usiku ule jikoni. Hakulitaja tena mpaka alipostaafu, nami nilipokuwa mkuu wa chuo sikuwahi kutia sahihi shtaka la mtumishi kabla ya kwenda kutazama kitu chenyewe kwa macho yangu.

Siku hizi watu hutia kulanti badala ya maji matupu, na wanafanya vizuri, maana huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Waiweke tu mbali na watoto na mifugo, kwani ina sumu. Lakini nao hutengeneza magari yao wenyewe nyumbani, na bado hunijia vijana wakilalamika kwamba maji yanapungua na hawaoni tone. Huwauliza swali moja tu: mkono wako uligusa nini mara ya mwisho? Mara nyingi uvujaji uko hapo hapo, au jirani yake.

Niliwafundisha wanachuo kwamba mwanahistoria hahukumu kabla ya kukagua chanzo. Chanzo changu kilikuwa chini ya boneti, kimefunikwa na uchafu wa majuma machache, na kitambaa kimoja chenye maji kingetosha kukifunua. Sikukitafuta kwa sababu nilikwisha kuwa na jibu. Kujitegemea nilikuwa nimekuelewa kuwa ni kufanya kazi mwenyewe. Mzee yule alinionyesha kwamba ni pamoja na kulibeba kosa lako mwenyewe, na kumwuliza anayejua kabla hujashika spana.