Kukadiria kwa nafasi za desimali
Kukadiria kwa nafasi za desimali ni kufupisha jibu la hesabu hadi idadi maalumu ya tarakimu baada ya nukta. Huangaliwa tarakimu ya kwanza inayoachwa: ikiwa 5 au zaidi, iliyoitangulia huongezwa 1, ikipungua hapo, hubaki ilivyo. Hivyo 22 ÷ 7, yaani 3.142857..., kwa nafasi 3 huwa 3.143. Hukadiriwa jibu la mwisho, si kila hatua. Kukata tarakimu tu ni jambo jingine, tena la hatari. Fahirisi ya soko la hisa la Vancouver, Kanada, iliyoanza na 1000 mwaka 1982, ilikatwa kwenye nafasi ya 3 kila ilipokokotolewa upya. Novemba 1983 ilisomeka takriban 525. Iliporekebishwa, ilifika karibu 1098.9.