Kisiwa cha Saanane na Sisi Tulio Ng'ambo Yake



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike habari ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani, aliweka sharti moja: iwe habari ya kitu ambacho mwanafunzi wa leo anaweza kukiona kwa macho yake akipanda mawe yaliyo juu ya Mkuyuni na kutazama ziwani. Sikuhangaika kuchagua. Nimechagua Kisiwa cha Saanane.

Naanza na jina lake, maana wengi wetu tulipoingia kidato cha kwanza tuliamini kuwa kisiwa kile kimeitwa hivyo kwa ajili ya saa nane ya mchana. Mwenzetu mmoja alikuwa hata na maelezo yake, kwamba Wazungu walifika pale saa nane kamili. Sivyo. Saanane ni jina la mtu. Mzee Saanane Chavandi alikuwa mvuvi na mkulima, naye ndiye aliyekaa kisiwani pale kabla Serikali haijakitwaa. Mwaka 1964 alihama kuipisha bustani ya wanyama, bustani ya kwanza ya namna hiyo nchini kwetu. Mtu akaondoka, jina likabaki. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Yafaa tujiulize kwa nini Serikali changa, yenye upungufu wa shule na zahanati, ilijishughulisha na bustani ya wanyama. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, wananchi wa Mwanza walihitaji mahali pa mapumziko na pa kujifunza habari za wanyama wa nchi yao. Serengeti haiko mbali sana na Mwanza, lakini mtoto wa kuli wa bandarini angefikaje huko? Pili, kisiwa kilifaa kuwa kituo cha kuwaweka wanyama waliokuwa wakisafirishwa kwenda Kisiwa cha Rubondo, upande wa magharibi wa ziwa, ambacho kilikuwa kikiandaliwa kuwa makimbilio ya wanyama. Rubondo ikawa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, ambaye jina lake wengi wanalijua kwa kazi yake ya Serengeti, ndiye aliyesimamia kupelekwa kwa sokwe huko kati ya mwaka 1966 na 1969. Kwa hiyo Saanane, udogo wake wote, ilianza ikiwa na kazi ya kitaifa.

Mimi niliiona kwa karibu mara ya kwanza mwaka 1995, nikiwa kidato cha pili. Klabu yetu ya Malihai ilichanga nauli ya mashua, na mwalimu wetu wa biolojia akatuongoza. Tuliona pimbi wakiota jua juu ya mawe, mijusi yenye vichwa vyekundu, swala pala, na kenge mmoja mkubwa aliyetukimbiza sote hata mwalimu. Tulipokwisha kula mihogo yetu, mzee mmoja mtunza wanyama alituita ufukweni. Hapo palikuwa na lundo la takataka zilizoletwa na mawimbi: kandambili, vipande vya nyavu, mifuko na makopo. Akachomoa dumu moja la njano. Ubavuni liliandikwa kwa rangi nyeupe jina la bweni letu.

"Vijana, hili si lenu?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake. Mzee yule hakutukaripia. Alisema tu, "Basi lichukueni mrudi nalo. Mimi hapa nalinda wanyama, lakini kinachoingia hapa kinatoka kwenu." Tulilibeba dumu lile hadi Mkuyuni, na kwa muhula mzima lilisimama mlangoni mwa bweni bila mtu kuthubutu kuchotea maji.

Nimesoma vitabu kadhaa baada ya siku ile, Chuo Kikuu na kazini, wala sijakuta maelezo ya uhifadhi wa ufukwe yanayozidi maneno yale ya mzee.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1991 Saanane ilipandishwa daraja ikawa pori la akiba, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo, na kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa kilomita kama mbili. Ni hifadhi iliyo mlangoni pa jiji, ambayo mtu anaweza kuifikia asubuhi na kurudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Kila daraja lilileta sheria kali zaidi na ulinzi bora zaidi. Hayo ni maendeleo, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu.

Lakini sheria ya kisiwa hukoma mpakani mwa kisiwa. Maji hayajui mpaka. Mwanza ni mji wa vilima na mawe. Mvua inaponyesha, maji huteremka kwa kasi kupita majumbani, vyooni na sokoni, yakaingia mitaroni na Mto Mirongo, hatimaye ziwani. Matete na mafunjo ya kando ya maji ndiyo yaliyokuwa chujio letu tangu zamani. Tulipoyafyeka tupate viwanja na mashamba ya mboga, tulilitoboa chujio.

Matokeo tuliyaona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Victoria. Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tunayakumbuka: zulia la kijani lililofunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, na akina mama wakachota maji meusi yenye harufu chini ya majani. Nchi zetu tatu zilishirikiana. Watu waliyang'oa kwa mikono, na wadudu wadogo jamii ya fukusi waliachiliwa wayale. Magugu yakapungua sana. Hata hivyo hayakuisha, kwani chakula chao ni uchafu wenye mbolea tunaoupeleka ziwani wenyewe.

Mfano wa pili ni samaki. Kila mtoto wa Mkuyuni anamjua furu. Aina za furu katika ziwa hili zilihesabiwa kwa mamia. Nyingi zilitoweka sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alipozidi. Lakini sangara si mkosaji peke yake. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika Ghuba hii ya Mwanza walichapisha jambo la ajabu: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka hata mwanga usipenye, jike hawezi kutofautisha rangi, aina zikachanganyika, na tofauti zao zikapotea. Ndugu zangu, samaki wanapotea kwa kukosa kuonana! Wala hakuna askari wa hifadhi anayeweza kulizuia hilo kwa bunduki.

Jambo la tatu ni mwendo wa ziwa lenyewe, ambao vijana wengi hawaujui. Ufukwe si mstari uliochorwa mara moja. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2, likafikia kilele mwaka 1964, mwaka ule ule bustani ya Saanane ilipoanzishwa. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920, na watu wakalima na kujenga pale palipokuwa maji. Kisha mwaka 2020 likapanda likapita hata kilele cha 1964, na waliojenga wakaamka maji yakiwa mlangoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoiona kuwa ni sheria ya kuwaonea maskini. Mimi nasema ziwa liliiandika kabla ya Bunge.

Je, wenzetu wa ziwa hili hili wamefanyaje? Entebbe, Uganda, walianza mwaka 1952 na kituo cha wanyama kilichokuja kuwa bustani ya kawaida ya kuwatazama. Mwaka 1994 waliibadili iwe kituo cha elimu ya wanyamapori, na mtoto wa shule akawa ndiye mgeni wake mkuu. Kisumu, Kenya, walitenga mwaka 1992 kipande kidogo cha ufukwe kwa ajili ya swala pala waliobaki kando ya mji. Miji mitatu, ziwa moja, na funzo moja: bustani ndogo iliyobanwa na mji haiwezi kuishi kama ngome. Sharti iwe na marafiki nje ya ua wake. TANAPA nao wameutambua ukweli huo kwa mpango wao wa Ujirani Mwema, ambao kwao huchangia miradi inayobuniwa na wananchi wanaopakana na hifadhi.

Hapa sina budi kusema kosa langu, maana mficha uchi hazai. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa katibu wa kamati ya kusafisha kipande cha ufukwe katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na fedha, ramani na miche. Tuliita mkutano tukawatangazia akina mama waliokuwa wakianika dagaa mahali pale kwamba wahame ndani ya siku 14. Wakahama. Tukapanda miti, tukazungushia ua, tukaweka mlinzi, tukapiga picha. Baada ya kiangazi kimoja miti ilikuwa imekauka, nguzo za ua zimekwisha kuwa kuni, na akina mama wamerudi na dagaa wao. Niliandika ripoti ndefu kuhusu wananchi wasiopenda maendeleo.

Siku moja nilipita pale nikamkuta bibi mmoja akigeuza dagaa mchangani. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akanitazama, akasema, "Wewe ndiwe yule kijana wa miti. Mwanangu, mlituita mkatuambia. Hamkutuuliza." Nilitaka kujibu, jibu sikulipata. Nilikumbuka dumu la njano.

Tulianza upya, safari hii tukikaa chini ya mwembe bila karatasi. Ikaonekana kwamba akina mama wenyewe walichukia kuanika mchangani, kwa kuwa dagaa wenye mchanga hawana bei. Walichotaka ni vichanja, choo, na njia ya kufikia mitumbwi. Vichanja vikajengwa mbali na maji. Wao wakachukua zamu za kumwagilia miti, kwa sharti kwamba kivuli kiwe chao wakati wa kungoja mitumbwi. Ua hatukujenga tena. Miti ile leo inatoa kivuli, ingawa bibi yule hayupo kukikalia.

Ndiyo maana nilimwomba msomaji ashike habari ya Mzee Saanane. Kila ufukwe una mwenyewe aliyekuwapo kabla ya ramani. Mwaka 1964 mtu mmoja aliondoka ili wengi wapate bustani, na taifa likamheshimu kwa kukiita kisiwa jina lake. Lakini hatuwezi kuwahamisha watu wote wa Igogo, Mkuyuni na Butimba, tukawapa majina ya visiwa. Hawa hawana budi kuwa walinzi. Na mlinzi asiyeulizwa ni mtu wa kupita tu.

Kwa wanafunzi wa zamani ninalo ombi. Tunapokutana hupenda kuchangia kikombe cha mpira na mbuzi wa kuchoma, na ni vizuri. Mwaka huu tuongeze nauli ya mashua, ili kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza avuke mara moja kwenda Saanane, aitazame Mkuyuni akiwa upande ule. Mtu hauoni uchafu wa kwao mpaka autazame kutoka ng'ambo.

Kwa wanafunzi wa sasa nina kazi tatu, wala hazihitaji mfadhili. Kwanza, fuateni mtaro wa shule hadi unapoingia ziwani, muandike kila mnachokikuta. Pili, shimo la taka liwe mbali na mtaro huo, na zamu yake isiwe adhabu ya watoro bali kazi ya kila bweni. Tatu, kabla hamjapanda mti wowote nje ya uwanja wa shule, kawaulizeni wanaopita pale kila siku wangependa usimame wapi.

Mtaa wetu umepewa jina la mti. Mkuyu hupenda kusimama karibu na maji, mizizi yake ikashika udongo wa ukingo. Wazee waliukataza kukatwa bila kueleza sababu kwa maneno ya kitaalamu, nasi tuliosoma tukadhani ni ushirikina. Ikiwa shule itaamua kupanda miche kando ya mtaro ule, natoa ahadi mbele ya wasomaji wote kwamba nitakuja siku hiyo na jembe langu mwenyewe, na dumu la kumwagilia.