Kaa nyuma yako mwenyewe: nafasi ya miguu siti ya nyuma kwenye SUV ndogo

Vijana wenzangu wa hapa Mwanza wakitaka kununua gari ya kwanza huwa wananiuliza mambo mawili: inakula mafuta kiasi gani, na spea zinapatikana? Maswali mazuri tu. Ila hakuna anayeuliza watu wa nyuma watakaa vipi. Mimi mwenyewe sikuuliza, ndiyo maana leo naandika hii.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa fupi, ya milango mitatu. Niliipenda kwa macho. Miezi minane nikaendesha mjini, Nyegezi mpaka Kirumba, bila hata siku moja kukaa siti ya nyuma ya gari yangu mwenyewe. Halafu mama akafanyiwa upasuaji wa goti, ikabidi nimtoe Sengerema nimlete kliniki Mwanza. Goti halikunjiki. Tukamkalisha mbele, siti tukairudisha mpaka mwisho ili anyooshe mguu. Dada aliyekuwa anamuuguza akabaki nyuma yake, magoti kifuani safari nzima. Tuliondoka na mgonjwa mmoja tukafika na wagonjwa wawili.

Wakati huo angalau kulikuwa na kivuko. Kwenye foleni ya Busisi dada alishuka, akatembea, akanunua maji, damu ikarudi miguuni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 unapita juu ya ziwa kwa dakika chache tu, wala husimami. Tumepona foleni, tena tunashukuru, lakini aliyebanwa nyuma sasa anabanwa moja kwa moja. Kwa hiyo siti yenyewe ndiyo iwe nzuri.

1. NAFASI YA MIGUU NI NINI HASA

Watu wengi wanadhani ni pengo la goti tu. Ukweli ni mambo manne kwa pamoja:

- Pengo kati ya goti lako na mgongo wa siti ya mbele.
- Mahali pa kuingiza nyayo chini ya siti ya mbele. Pakiwa pameziba, hata pengo la goti likiwa kubwa utachoka.
- Urefu wa siti kutoka sakafuni. Siti ikiwa chini sana magoti yanapanda juu kama umekaa kwenye kigoda, uzito wote unabaki makalioni.
- Tuta la katikati ya sakafu. Gari nyingi zinazovuta kwa tairi nne zina shafti inayopita chini kwenda nyuma, na anayekaa katikati ndiye anayelipa.

Jambo kubwa la kukumbuka: nafasi ya nyuma inaamuliwa na mtu wa mbele. Gari hiyo hiyo, dereva akiwa mfupi nyuma ni sebule, akiwa mrefu nyuma ni gunia la dagaa. Ndiyo maana ukiona tovuti imeandika nafasi ya miguu ni inchi kadhaa usiichukulie kama Biblia. Kipimo kinategemea siti ya mbele waliiweka wapi, na kama ya nyuma inasogea, waliisogeza mpaka wapi.

2. NAMBA IPI UANGALIE

Kwenye tovuti za kuagizia gari Japan utaona urefu, upana, kimo na ile M3. M3 ni ujazo wa gari kwa ajili ya nauli ya meli, haihusiani na magoti yako. Hata urefu wa nje unadanganya, maana unahesabu boneti, bampa na buti.

Namba yenye maana zaidi ni umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Hapa nitauita umbali wa ekseli. Abiria wanakaa ndani ya umbali huo. Haikupi jibu lote, ila inakuonyesha mwelekeo.

Mfano: Nissan X-Trail ya kwanza (NT30) na Subaru Forester ya 2002 hadi 2007 (SG5) urefu wa nje unakaribiana sana, zote zinacheza kwenye mita 4.45. Lakini umbali wa ekseli X-Trail ni milimita 2,625, Forester ni 2,525. Sentimita 10 zimekwenda kwenye pua na mkia. Ukikaa nyuma utazisikia.

3. AINA ZA SITI ZINAZOREKEBISHWA

(a) Siti inayolala: mgongo wake unainama kidogo kwenda nyuma. Inapumzisha kiuno ila goti halipati kitu.

(b) Siti inayosogea kwenye reli: siti nzima inakwenda mbele na nyuma. Hii ndiyo inayoongeza nafasi ya miguu. Ila hakuna cha bure: unachokipa goti unakitoa kwenye buti. Ukibeba abiria rudisha nyuma, ukibeba ndoo za samaki sogeza mbele.

(c) Siti iliyogawanywa: vipande viwili, kila kimoja kinajitegemea. Mgonjwa anapewa nafasi upande mmoja, mzigo mrefu unapita upande wa pili.

(d) Siti ya safu ya tatu: kwenye SUV ndogo hii ni ya watoto. Siti 7 si watu wazima 7! Ili wa safu ya tatu wapate pa kuweka miguu, wa safu ya pili lazima wasogee mbele.

4. GARI ZENYEWE MOJA MOJA

Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005: hapa kuwa makini. Ya milango mitano umbali wa ekseli ni milimita 2,490, ya milango mitatu ni 2,280. Tofauti sentimita 21! Kwenye picha ya mbele huwezi kuzitofautisha. Ya milango mitano siti za nyuma zinasogea, zinalala, na unaweza hata kuzitoa.

Toyota RAV4 iliyofuata (ACA31) na Vanguard: RAV4 fupi ya Japan ni 2,560, siti ya nyuma inasogea na kulala. Vanguard, iliyotoka 2007, ni ndugu yake aliyerefushwa mpaka 2,660, na zipo za siti 5 na za siti 7.

Honda CR-V ya 2001 hadi 2006 (RD5): umbali wa ekseli 2,620, siti ya nyuma inasogea sentimita 17 na inalala. Ile ya kwanza kabisa ya 1995 umbali ni huo huo, lakini siti yake inalala tu, haisogei. Usichanganye.

Nissan X-Trail: NT31 ya 2007 ni 2,630, ile iliyofuata kuanzia mwisho wa 2013 ilifika 2,705 na ikaja pia na za safu tatu.

Subaru Forester ya mwisho wa 2007 (SH5): Subaru wenyewe waliongeza umbali mpaka 2,615, yaani sentimita 9 zaidi ya SG5. Kama una familia na unapenda Forester, anzia hapa.

Suzuki Escudo ya 2005: milango mitano ni 2,640.

Nissan Dualis ya 2007: 2,630, ila siti ya nyuma haisogei. Mazda CX-5 ya 2012 ni 2,700, nayo haisogei. Kwa hizi, nafasi unayoikuta ndiyo hiyo hiyo mpaka uiuze.

5. JINSI YA KUPIMA BILA KUDANGANYWA

Kwanza, kaa kwenye usukani, weka siti pale unapoendeshea siku zote. Usijibane kumfurahisha dalali. Shuka, nenda ukae nyuma ya siti hiyo hiyo. Hapo umekaa nyuma yako mwenyewe. Ngumi yako ikipita kati ya goti na siti ya mbele, safari ya Musoma inawezekana. Goti likigusa, hiyo ni gari ya mjini.

Pili, ingiza nyayo chini ya siti ya mbele uzizungushe.

Tatu, kaa dakika 10 kamili. Dakika moja kila siti ni nzuri.

Nne, kama siti inasogea, isogeze mpaka mwisho wa nyuma, kisha fungua buti uone kilichobaki.

Unaagiza Japan na huwezi kukaa? Angalia kwenye picha siti ya mbele imewekwa wapi. Ikisogezwa mbele kabisa, nyuma inaonekana ukumbi. Omba picha nyingine siti ya mbele ikiwa imerudishwa. Au nenda sehemu ya kuoshea magari, tafuta mwenye gari kama hiyo, muombe kistaarabu ukae nyuma. Sijawahi kukataliwa. Wengi walifurahi, wakaanza kunieleza na matatizo ya gari bila kuulizwa.

6. USIPUUZE HAYA

Siti inayosogea lazima ijifunge. Ukishaiweka, isukume kwa nguvu mbele na nyuma. Ikicheza, usipakie mtu mpaka fundi aione. Reli hujaa mchanga, sarafu na mabaki ya chakula, kwa hiyo zisafishe kabla ya kuanza kulaumu gari.

Usilaze siti sana gari ikiwa inatembea. Mkanda unatakiwa ukamate mifupa ya nyonga na kifua. Ukilala chali, breki ya ghafla inakuteleza chini ya mkanda.

Angalia pia mkanda wa katikati. Kwenye gari nyingi za zamani za Japan ni wa kiunoni tu, hauna wa begani. Mtoto, mjamzito au mgonjwa asiwekwe hapo kama pembeni pana nafasi.

Ile gari fupi niliiuza. Niliyonayo sasa siti ya nyuma inasogea, na siku naileta nyumbani nilimwambia dada aingie wa kwanza, nyuma ya usukani wangu. Akanyoosha miguu, akanyamaza kidogo, akasema: "Hii sasa ni gari ya watu." Goti la mama limeshapona, lakini akipanda huchagua nyuma, anasema mbele namtisha na uendeshaji wangu.

Kwa hiyo wadau, gari ni yako lakini siti ya nyuma ni ya wenzako. Kabla hujatoa hela, kaa huko. Na wewe unaendesha nini, na watu wako wa nyuma wanasemaje? Tupia maoni hapo chini, hasa mliowahi kwenda Bukoba au Musoma mkiwa watano.