Hisa za wafanyakazi: mambo ya United Airlines

Hisa, wengi kwetu wanasema aksiyo, ni kipande cha kampuni. Kuna makampuni ya soko la hisa ambamo wafanyakazi wenyewe wanashika sehemu kubwa. Wanunuzi wanawaamini: nani ataharibu mali yake mwenyewe?

Mwaka 1994, Marekani, marubani, mafundi na wengine wa kampuni ya ndege United Airlines walikubali kupunguziwa mushahara, wakapewa asilimia 55 ya hisa. Wahudumu wa ndani ya ndege walikataa. Lakini katika baraza la wakurugenzi wafanyakazi walipata viti 3 tu kati ya 12. Mwaka 2000 marubani waligombana na kampuni juu ya mushahara, eti wenye mali! Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, na tarehe 9 Desemba 2002 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Hisa zikabaki karibu bure.

Mununuzi wa inje alipoteza akiba. Mufanyakazi alipoteza akiba, na wengi hata kazi. Njo maana, mbele ya kununua, inafaa kuuliza kama wafanyakazi wana akiba pengine, na kama kura zao zina nguvu.

Congo haina bado soko la hisa. Ya karibu ni Kigali, Kampala na Nairobi.